Kila ukweli uwe na nyumba moja: hotuba kwa wajenzi wa kurasa wa Lubumbashi

Wengi mmeniandikia kwamba hamkuweza kufika Jumamosi, wengine kwa mvua, wengine kwa kukosa nauli. Hii hapa hotuba yote. Picha za ukutani nimeziacha, na Kiswahili chetu cha Lubumbashi nimekinyoosha kidogo ili ndugu wa Bukavu na Goma nao wasome bila kutucheka.

Jambo yenu wote! Papa na mama mliokaa mbele, jambo, na asanteni kwa kutuachia vijana wenu siku nzima. Vijana, jambo! Mbona sauti ya chini hivyo? Hamjala? Bukari iko njiani, vumilieni.

Nimeombwa niongee juu ya React, ile maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa kwa vipande vinavyoitwa komponenti. Najua humu kuna walioanza juzi, na kuna wanaolisha watoto kwa kazi hii. Sitapitia amri zake zote. Nyaraka zake ni za bure, na zipo hata kwa Kifaransa kwenye fr.react.dev. Mimi nimekuja na neno moja, na nitalirudia hadi mnichoke: kila ukweli ndani ya programu yako uwe na nyumba moja. Nyumba moja! Ukilishika hilo, mengi yanayowatesa watu kwenye React yanajifungua yenyewe. Usipolishika, utakariri amri zote na bado utalala saa tisa ya usiku ukitafuta kosa.

Twende dukani.

Kuna mama anauza vitenge upande wa Kenya (hii Kenya yetu, commune ya hapa Lubumbashi, ninyi mnaosoma kutoka mbali msifikirie Nairobi). Mtoto wake alimtengenezea ukurasa, na ulipendeza: picha ya kitenge, bei kwa dola, chini yake bei kwa franka, kikapu pembeni, na juu kabisa jumla ya mteja. Sasa ninyi ni watu wa mji huu. Niambieni, kiwango cha dola huwa kinatuomba ruhusa kabla ya kusogea?

Tuseme asubuhi dola moja ni franka 2,300. Kitenge cha dola 15 kinaandikwa franka 34,500. Mteja anatia viwili kwenye kikapu, jumla franka 69,000. Mchana wachenjaji wanampigia mama simu: imeshuka, sasa 2,250. Mama anafungua simu, anabadilisha kiwango. Bei chini ya picha inakuwa 33,750. Vizuri. Bei ndani ya kikapu inakuwa 33,750. Vizuri. Jumla ya juu? Imebaki palepale, 69,000. Mteja anakuja hadi dukani, simu mkononi, watu wanasikia: "Mama, viwili ni 67,500. Hizi 1,500 ni za nani?"

Mama ni mwizi? Hapana. Mtoto wake ni mjinga? Wala. Aliandika ukurasa kwa mtindo ambao wengi wetu tulifundishwa: tafuta kipande cha HTML, yale maandishi yanayounda ukurasa, kwa id yake (jina lake), badilisha maandishi yake, tafuta kingine, badilisha, tafuta kingine. Kila mahali palipoandikwa franka palihitaji mstari wake wa kusahihishwa. Siku alipoongeza jumla pale juu, mstari wake haukuongezwa. Basi. Mstari mmoja umetosha kumwaibisha mama sokoni.

Sasa sikilizeni. Kwenye duka lile, bei kwa franka ni ukweli? Nauliza tena: franka ni ukweli? Si ukweli, ni hesabu. Ukweli uliopo ni wa mambo matatu tu: bei kwa dola, kiwango cha leo, na vilivyomo kikapuni. Hiyo ndiyo React inaiita hali, na hiyo ndiyo unayoitunza. Franka zote, pale kwenye picha, pale kikapuni, pale juu, zinapatikana kwa kuzidisha wakati ukurasa unachorwa. Unaandika komponenti moja, iite Bei. Inapokea dola na kiwango kupitia propsi, yaani vitu inavyopewa na komponenti iliyo juu yake, inazidisha, inatoa maandishi. Unaiweka mahali pote panapotakiwa bei. Mama akigusa kiwango, React inaziita upya komponenti zako, inapata maelezo ya jinsi skrini inavyotakiwa kuwa, inayalinganisha na maelezo ya mara iliyopita, kisha inagusa pale tu palipotofautiana. Hukuiambia wapi. Hukuwa na orodha ya kusahau kitu.

Na msidhani haya ni matatizo ya wanaoanza tu. Mwaka 2014 wahandisi wa Facebook wenyewe walisimama mbele ya watu wakasimulia kosa lililowatesa: alama ya ujumbe usiosomwa. Unaona 1 nyekundu, unabonyeza, hakuna ujumbe mpya. Wanarekebisha, linatulia, baada ya muda linarudi. Kwa nini? Kwa sababu habari ileile ya "umesoma au hujasoma" ilikuwa inabadilishwa kutoka sehemu nyingi za ukurasa mmoja: dirisha la mazungumzo, orodha ya ujumbe, ile alama ya juu. Mafahali wawili zizi moja, mnajua wenyewe. Hao ndio walioizaa React. Jordan Walke aliianzisha ndani ya kampuni hiyo, ikaingia kwenye ukurasa wao wa habari mwaka 2011, Instagram mwaka 2012, ikafunguliwa kwa watu wote Mei 2013. Na ilipofunguliwa wengi waliikejeli: eti mnaandika HTML ndani ya JavaScript, mmerukwa na akili? Leo hao hao wanaandika hivyo kila asubuhi.

Turudi kwa mama, sijamaliza naye. Mtoto wake alikuja kujifunza React, akaandika ukurasa upya. Akafanya nini? Akaweka hali ya vitenge, hali ya kiwango, na hali ya tatu: jumla. Kisha akaandika useEffect, yaani kazi inayofanywa baada ya skrini kuchorwa, ya kuangalia: kiwango au kikapu kikibadilika, hesabu jumla upya. Mnaona? Nyumba mbili tena! Ametumia React, lakini amehama na tabia zake zote. Mteja anaongeza kitenge, skrini inachorwa na jumla ya zamani, halafu useEffect inaamka, inabadilisha jumla, skrini inachorwa mara ya pili. Na siku atakapoongeza punguzo, akasahau kulitia kwenye orodha ya vitu vinavyoangaliwa, tutamsikia mteja tena. Dawa yake ni kufuta. Futa ile hali ya tatu, futa na useEffect yake, andika mstari mmoja unaojumlisha ndani ya komponenti. Nikipewa msimbo wa mtu kuusoma, kitu cha kwanza ninachotafuta ni hiki: hali gani hapa inaweza kupatikana kwa hesabu? Mara nyingi nusu yake inafutika, na makosa yanaondoka nayo.

Jambo dogo, kwa kuwa tuko kwenye pesa: msitunze dola na senti kama namba za desimali. Andikeni 0.1 + 0.2 kwenye JavaScript muone: inajibu 0.30000000000000004. Tunzeni senti nzima, 1500 badala ya 15.00, mgawanye mwishoni mnapoonyesha. Na kuonyesha mwachieni kivinjari: Intl.NumberFormat inajua franka yetu kwa alama ya CDF, na kuna hata sw-CD, Kiswahili cha Kongo.

Nyumba hiyo basi iwe wapi? Swali zuri, na jibu lake si fumbo. Kiwango kinahitajika na orodha ya vitenge, na kinahitajika na kikapu. Kiweke kwa komponenti ya juu inayowazaa wote wawili, kishuke kwa propsi. Maneno anayoandika mteja kwenye kisanduku cha kutafuta yanachuja orodha? Yaweke pale juu ya kisanduku na orodha, si juu zaidi. Menyu imefunguliwa au imefungwa? Hilo ni la menyu peke yake, libaki kwenye menyu. Nimeona vijana wanaleta maktaba nzima ya kutunza hali kwa ajili ya duka la vitenge kumi, kwa sababu video waliyotazama ilisema hivyo. Nani anafaidika?

Sasa tupande basi. Nani hapa ameshakwenda Kolwezi kwa barabara? Inueni mikono. Poleni.

Vijana fulani walitengeneza ukurasa wa kununua tiketi za basi kutoka hapa kwenda Likasi na Kolwezi. Mtu mmoja anaweza kununulia familia. Anaandika majina, kila jina linapata mstari wake, na ndani ya mstari kuna kisanduku cha namba ya kadi ya mpiga kura, ambayo ndiyo kitambulisho cha wengi wetu. Baba mmoja akaandika watatu: mke wake, shemeji yake, na mwanawe mkubwa. Akajaza namba zote tatu. Halafu shemeji akasema hasafiri. Baba akabonyeza kufuta mstari wa pili. Jina la shemeji likatoweka, safi kabisa. Akalipa. Asubuhi kwenye basi, kijana anaonyesha kadi yake, karani anaangalia orodha: jina la kijana, namba ya shemeji. "Wewe ni nani hasa?"

Imetokeaje? Tulieni hapa, maana kosa hili liko kwenye msimbo wa wengi humu ndani, na halipigi kelele.

React ikichora orodha inakuomba kila mstari uwe na ufunguo, ile key. Usipoweka, inakuonya kwenye konsoli, pale kivinjari kinapoandikia makosa. Wale vijana waliona onyo, wakaweka namba ya nafasi: 0, 1, 2. Onyo likanyamaza. Baba alipofuta wa pili, orodha ikabaki na watu wawili, funguo 0 na 1. React inaangalia: 0 yupo, 1 yupo, 2 hayupo. Basi inauondoa mstari wa 2, pamoja na namba iliyoandikwa ndani yake. Mstari wa 1 inauacha hai, na namba ya shemeji imo bado, kwa sababu namba ilitunzwa ndani ya mstari. Jina tu ndilo linakuja kutoka juu, na jina la mtu wa nafasi hiyo sasa ni la kijana. React haikukosea hata kidogo. Iliambiwa mtu ni nafasi yake, ikaamini.

Mtu si nafasi yake. Mpe kila msafiri kitambulisho siku anapoingia kwenye orodha, crypto.randomUUID() inatosha ukurasa ukiwa kwenye https, na kitambulisho hicho kiwe ndio ufunguo wake hadi atoke. Na wewe unayetaka kuniuliza kama Math.random() inafaa papo hapo wakati wa kuchora, nakuona, haifai. Ufunguo ukibadilika kila mchoro, React inadhani ni mstari mpya kila mara, na kila kilichoandikwa ndani kinapotea. Na tena, lile neno langu: kwa nini jina lilikaa juu na namba ikakaa chini? Msafiri ni mmoja. Jina lake na kadi yake vikae pamoja. Wangefanya hivyo tu, hata kwa ufunguo mbovu namba ingemfuata mwenyewe.

La malipo nitalisema kwa kifupi, lakini mlishike, kwa sababu ni pesa za watu.

Kikundi kimoja kilikuwa kinatengeneza ukurasa wa kulipia masomo kwa pesa za simu. Mzazi anafika kwenye ukurasa wa mwisho, simu inaita, anaweka namba ya siri. Wakijaribu kwenye kompyuta yao, simu inapokea maombi mawili. Wakalaumu mtandao. Wakalaumu kampuni ya simu. Kumbe ombi la malipo lilikuwa ndani ya useEffect ya ule ukurasa wa mwisho, na tangu React 18, iliyotoka Machi 2022, ukitumia StrictMode, ule ukaguzi mkali wa React, wakati wa kutengeneza, kila komponenti inayoingia inawekwa, inaondolewa, inawekwa tena, kwa makusudi, ili kosa la namna hii lionekane mapema. Walifanyaje? Waliondoa StrictMode! Maombi yakawa moja, wakafurahi. Lakini mzazi akirudi nyuma kurekebisha jina la mtoto, kisha akaingia tena kwenye ule ukurasa? Ombi la pili, kwa mzazi wa kweli, kwa pesa za kweli. Malipo yanatokana na kidole cha mzazi kubonyeza kitufe, basi yaandikeni kwenye kitufe. useEffect ni ya kuunganisha komponenti na kitu kilicho nje ya React, kama ramani, kipima muda, au mawasiliano yanayobaki wazi na seva. Na seva nayo ikatae ombi lenye namba ileile mara ya pili, maana kidole nacho hubonyeza mara mbili, hasa mtandao ukiwa mzito.

Mnaojifunza kwa video za kupeana kwenye kadi ya kumbukumbu, neno kwenu. Mkiona class na componentDidMount, hiyo ni namna ya kabla ya Februari 2019, kabla ya useState (amri ya kutunza hali) na wenzake kutolewa kwenye toleo la 16.8. Bado inafanya kazi, makampuni mengi bado yanayo, lakini msianzie hapo. Na mkiambiwa muanze na create-react-app, hiyo watengenezaji wenyewe waliistaafisha Februari 2025. Tumieni Vite.

Juu ya kugawa komponenti sina mengi. Wengine wanagawa hadi kila herufi ina faili lake. Mimi huwa nasubiri. Kipande kikijirudia, au kikiwa na hali yake mwenyewe isiyowahusu wengine, hapo nakitoa. Komponenti ya kitufe yenye propsi ishirini, "ikiwa hivi lakini si vile isipokuwa pale", imekuwa vitufe vinne vinavyogombana ndani ya faili moja, itenganishe tu.

Nimalizie na jambo ambalo watu wa React hawapendi nilitaje, ila hapa nyumbani lazima tulitaje. Mega, zile data za intaneti tunazonunua kwa simu.

Mteja wa mama yule ana simu gani? Simu ya bei nafuu, kumbukumbu imejaa video za ndugu, amenunua mega za siku moja. Ukurasa wako unamletea React, kisha maktaba ya kalenda, kisha maktaba ya vitufe, kisha aikoni elfu moja za kutumia tatu. Na JavaScript haina tabia za picha. Picha ikishafika, kazi kubwa imekwisha. JavaScript ikishafika, simu bado inatakiwa iisome na kuiendesha, na kwenye simu dhaifu hapo ndipo mteja anaona skrini nyeupe, anaifunga, anakwenda kwa jirani aliyebandika bei zake kwenye WhatsApp. Je, tumemtumikia?

Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, ulizeni: ukweli gani hapa unabadilika wakati mtu anatazama? Mgahawa una menyu ambayo inabadilika mara moja kwa mwezi? HTML na CSS, imetosha, msimtoze mtu mega kwa ajili ya sambaza na bukari. Duka la vitenge lenye kiwango na kikapu? Hapo React inajilipia. Ikiwa uzito unawabana, Preact inaandikwa karibu vilevile na ina kilobaiti chache sana, kama nne hivi ikishabanwa. Svelte, aliyoianzisha Rich Harris, inafanya kazi kubwa wakati wa kutengeneza, ili simu ibebeshwe kidogo. Vue ya Evan You wengine mtaiona rahisi zaidi kuanza nayo. Mimi nafanya kazi kwa React kwa sababu wateja wangu wanaiomba. Sina ugomvi na yeyote. Zote zitakuuliza swali lilelile la nyumba ya ukweli.

Na pimeni. Chrome ina mahali pa kupunguza kasi ya mtandao na ya kichakataji, ndani ya zana za msanidi. Chagueni mtandao wa polepole, fungueni ukurasa wenu, hesabuni kimoyomoyo hadi bei ya kwanza ionekane. Halafu fanyeni tena kwa simu ya kweli ya mtu mwingine, isiyo na akiba ya kurasa zenu, kwa sababu kompyuta yako inakubembeleza.

Haya, fungueni kompyuta sasa. Wenye betri ya kutosha wakae na wasio na betri, wawili wawili. Kila jozi ichukue ukurasa mmoja wa mteja wake, iandike kwenye karatasi, kwa kalamu, kila ukweli unaobadilika, na mbele yake komponenti moja tu inayoutunza. Penye majina mawili nitakuja kukaa hapo. Wenye maswali waanze, kipaza sauti kiende kwanza kwa mama aliyeinua mkono tangu hadithi ya basi.